Mizigo ya Mheshimiwa Kwenda Kambini

Kwa heshima na taadhima, Wizara ya Maafa na Mapumziko iliutangazia umma kwamba Mheshimiwa Waziri ataumia. Ataumia kwa hiari yake mwenyewe, kwa usiku mmoja, kuanzia Ijumaa jioni baada ya kupigwa picha hadi Jumamosi asubuhi kabla ya chai, ndani ya hema, katika kambi ya waathirika wa mafuriko. Wananchi waliombwa wawe watulivu na waendelee na shughuli zao.

Zoezi hilo lilipewa jina la Operesheni Onja Turubai. Tangazo lilisomwa redioni kwa sauti ya msiba, likabandikwa kwenye mbao zote za wizara, na moja likabandikwa kwenye mlango wa lifti, juu ya tangazo la zamani lililosema lifti ni mbovu. Wageni kadhaa wakaingia lifti hiyo, nao wakaumia kwa muda mrefu kuliko Mheshimiwa alivyokusudia kuumia.

Jina la wizara lisimshangaze mtu. Zamani zilikuwa wizara mbili, zikaunganishwa ili kubana matumizi, na tangu hapo watumishi wake hawakuwa na hakika sana ni saa ngapi wako kazini na saa ngapi wako mapumzikoni.

Operesheni nzima ilimwangukia Mkuu wa Itifaki. Jina lake halisi lilikuwemo katika faili, lakini ofisi nzima ilimwita Bwana Utaratibu, naye alilivaa jina hilo kama nishani. Alikuwa mwembamba, tai ameikaza mpaka shingo ikaonekana kama ya kuazima, na alikuwa mtu wa kupanga foleni hata akiwa peke yake. Kazini hakuwahi kusema uongo ila mara moja tu. Baada ya mafuriko, Katibu Mkuu alipita ofisi kwa ofisi akiuliza nani ana ndugu walioathirika. Bwana Utaratibu alisimama wima na kusema ndugu zake wote wanaishi sehemu za mwinuko. Wakati huo shangazi yake, fundi cherehani, aliyemlea tangu hajaota meno, alikuwa amekaa juu ya ndoo ndani ya hema, akianika nguo zake juu ya kamba ya mtu mwingine. Lakini hebu fikiria mwenyewe: Mkuu wa Itifaki mwenye shangazi wa matope? Haipendezi.

Kamati ya Kitaifa ya Mizigo ilikutana Jumatatu katika ukumbi mkubwa. Katibu Mkuu alikuwa mwenyekiti, Bwana Utaratibu katibu.

"Ajenda ni moja," alisema Bwana Utaratibu. "Mheshimiwa abebe nini?"

Mwanasheria wa wizara akanyoosha kidole. "Kabla hatujafika kwenye kubeba, ndugu zangu, tumfafanue mbebaji."

Jambo hilo lilikula asubuhi yote. Hatimaye iliafikiwa kwamba kisheria mbebaji ni Mheshimiwa, ila mikono itakuwa ya watu wengine.

Baada ya hapo zikaundwa kamati ndogo. Kamati Ndogo ya Mito ilikaa mara mbili. Wajumbe wake walikuwa mabingwa waliotoka idara ya maji, nao walileta taarifa nzito kuhusu ule mto uliofurika: jinsi ulivyojaa takataka, mahali ulipozibwa, na namna ya kuuzibua kabla ya masika mengine. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wizara kuujadili mto huo. Bwana Utaratibu alisikiliza kwa makini, akashukuru, kisha akawafahamisha kwa upole kwamba mito iliyokusudiwa ni ya kulalia. Taarifa ikaingia kabatini. Mabingwa wakabaki kwenye kamati, maana majina yao yalikwisha kuidhinishwa, na wakapendekeza mito sita ya manyoya.

Godoro ndilo lililoleta mvutano.

"Mheshimiwa anakwenda kuumia," alisema mwanasheria. "Mkimpa godoro la unene huu, ameumia wapi?"

"Mgongo wa Mheshimiwa ni mali ya taifa," alijibu Katibu Mkuu. "Hatuwezi kuuhatarisha kwa ajili ya ukweli."

Wakapatana katikati: godoro liwe zuri, foronya yake iwe mbovu. Kisha vitu vikafuatana kama harusi. Kitanda cha mbao ngumu, ili godoro lisiguse ardhi. Kapeti, ili kitanda nacho kisiguse ardhi. Makochi, kwa ajili ya viongozi watakaopita kumpa pole. Meza ya kulia chakula. Jokofu. Jenereta la kuendesha jokofu, na jenereta jingine la kukaa karibu na la kwanza endapo la kwanza litakata tamaa. Mapazia mazito, kwa sababu iligundulika kwamba hema halina madirisha na haifai kiongozi kukaa mahali pasipo na pazia.

"Na tochi?" aliuliza Bwana Utaratibu. Alikuwa amewahi kusoma mahali kwamba wapiga kambi hubeba tochi.

"Tochi tunazo," alisema mtu wa ugavi. "Betri ziko chini ya Mapumziko. Sisi huku ni Maafa."

Tochi ikaahirishwa.

Mheshimiwa mwenyewe alipita siku ya tatu kuona maendeleo. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, mwenye kicheko cha kumsukuma mtu ukutani. Akatazama orodha ya vitu, akatikisa kichwa.

"Jamani, mimi nataka kuonekana kama wao kabisa. Kabisa! Mwananchi anione aseme, huyu ni mwenzetu." Akashusha sauti. "Usingizi wangu tu ndio msiuguse."

"Na mavazi ya kulalia, Mheshimiwa?"

"Nitavaa pajama zangu za hariri, nyingine zinaniwasha. Lakini zitieni viraka."

Kamati ikatazamana. Zabuni ya viraka ingechukua hadi mwaka ujao. Ndipo mdomo wa Bwana Utaratibu, bila kumwomba ruhusa, ukasema, "Namfahamu fundi mmoja."

Papo hapo akaufunika mdomo huo kwa faili. Lakini neno lilikwisha kuingia kwenye muhtasari.

Kambi ilikuwa katika uwanja wa maonyesho, nyuma ya mabanda yaliyong'olewa mabati. Mahema yalisimama kwa mistari, rangi yake imepauka, na katikati ya mistari maji machafu yalijitafutia njia. Bwana Utaratibu alipita akiwa amenyanyua suruali kwa vidole viwili. Alimkuta shangazi mbele ya hema lake, cherehani ya mkono juu ya kreti la soda, anapunguza sketi ya mtu.

"Shikamoo, shangazi."

Shangazi hakunyanyua kichwa mara moja. Alimaliza mshono kwanza. "Marahaba. Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa. Nimekuja kikazi."

"Haya, kaa juu ya ndoo. Kiti cha kikazi hatuna."

Akakaa. Akafungua bahasha ya khaki, akatoa pajama. Shangazi akaipitisha hariri kati ya vidole, akaigeuza ndani nje, akaitazama kwenye mwanga.

"Mbona haijachanika popote?"

"Ndiyo maana nimeileta. Inatakiwa viraka."

"Kiraka kwenye nguo nzima?"

"Ni viraka vya kisera, shangazi. Mheshimiwa anakuja kulala hapa Ijumaa."

Shangazi akamkodolea macho kuona kama anatania. Alipoona hatanii, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika cherehani isianguke. Kutoka hema la jirani sauti ikauliza, "We mama, kuna nini huko?"

"Waziri anataka viraka!"

Kicheko kikarukia hema la pili, la tatu, kikaenda mpaka mwisho wa mstari, kikakata kona, kikarudi na mstari mwingine. Bwana Utaratibu alikaa juu ya ndoo akitazama viatu vyake.

"Shangazi," alisema kilipotulia, "wizara ingependa pia kujua. Mtu anayekuja kukaa kambini, abebe nini?"

"Abebe ruhusa ya kuondoka." Akafuta machozi ya kicheko kwa ncha ya khanga. "Wewe unajua mdogo wangu aliugua? Nilitaka kwenda kumuuguza siku mbili tatu. Nikaambiwa aliyelala nje ya kambi harudi kambini, nafasi yake imekufa. Basi nikakaa. Nikampigia simu, nikamuuguza kwa simu."

Akanyoosha kidole chenye mkanda wa kupimia kuelekea kilimani. Kule juu zilionekana nyumba mpya za wizara, nyeupe, zimejipanga, zilizojengwa kwa ajili ya watu wa kambi hii. Kuta zake zilianza kuingia vumbi la kusubiri.

"Zile zina nini?"

"Zimekamilika, shangazi. Zinasubiri uzinduzi."

"Mimi sitaki uzinduzi. Nataka mlango wenye ufunguo." Akashona kidogo. Kisha, bila kumtazama, akauliza, "Ulikuwa unajua niko hapa?"

Alifikiria kusema taarifa zilikuwa hazijamfikia. "Nilikuwa najua."

"Haya," alisema shangazi, akakata uzi kwa meno.

Hiyo "haya" ilimfuata Bwana Utaratibu mpaka ofisini, ikakaa naye mezani, ikala naye chakula cha mchana.

Alhamisi malori yalipanga mstari nyuma ya wizara, na hapo ndipo hesabu ikagoma. Vitu vya kuumia vilikuwa vingi kuliko nafasi ya kuumia. Msimamizi wa kambi alipigiwa simu. Huyu aliitwa Mama Kambi na kila mtu, mwanamke mfupi aliyeongea taratibu kama mtu anayesoma maelezo kwenye chupa ya dawa, na aliyeamini kila waraka uliowahi kutoka wizarani.

"Mheshimiwa ana hema lake," alisema. "Lakini mizigo italala wapi? Mahema yote yana watu."

Katibu Mkuu akafunika simu kwa kiganja. "Hao watu hawawezi kwenda mahali kwa usiku mmoja?"

Bwana Utaratibu alikohoa. Hakuwa na nia yoyote mbaya, wala nzuri ya kupindukia. Aliwaza tu hariri, viraka, na uzi uliokatwa kwa meno. "Kuna zile nyumba za kilimani, mkuu. Ziko karibu, na ni tupu."

"Hazijazinduliwa."

"Hawatazitumia, mkuu. Watalala tu ndani yake."

Katibu Mkuu aliona tofauti hiyo mara moja. Jioni ile ile ukatoka waraka uliosainiwa na Mheshimiwa mwenyewe, wenye kichwa cha habari: *Uhamisho wa Muda wa Waathirika ili Kupisha Mateso*. Funguo zikatolewa katika droo ya Mheshimiwa, zikiwa bado na utepe.

Ijumaa alasiri watu wa kambi walipanda kilima, kila mmoja na ndoo yake kichwani, na njiani wakapishana na kapeti. Kitanda kiliingia hema la mwalimu mstaafu. Makochi yalikaa kwa wajane wawili. Jokofu lilipewa hema la shangazi, nalo likanguruma humo kama mpangaji mwenye kiburi.

Jua lilipoanza kulegea, Mheshimiwa akashuka kwenye gari akiwa ndani ya pajama zenye viraka vinane vya rangi tofauti. Kamera zikamzunguka. Akashika mkono wa kila aliyekuwa na mkono. Alipofika mezani kwa Mama Kambi, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Mama, msinipendelee! Nisajilini kama mwathirika yeyote!"

"Kama mwathirika yeyote, Mheshimiwa?"

"Kama yeyote!"

Mama Kambi akavuta kiti. "Una makazi mengine nje ya kambi hii?"

Kamera zikasogea. Mheshimiwa akashika kifua. "Mama yangu, leo mimi sina nyumba. Nyumba yangu ni hii turubai!" Chozi moja likatoka, dogo lakini lenye nidhamu, likasimama mahali pazuri.

Akaweka dole gumba. Akapewa uji wa msaada katika sahani ya plastiki, akaunywa wote mbele ya taifa, akalamba kijiko. Waandishi wakaenda zao. Wapambe nao wakaenda zao, kila mtu kwa mke wake, isipokuwa Bwana Utaratibu aliyebaki kwenye lori kulinda mito.

Usiku mvua ikanyesha. Jenereta la kwanza likakata tamaa, na la pili, lililokuwa limekaa karibu nalo kwa siku nzima, likaonekana limeambukizwa. Hayo yametosha kuhusu usiku.

Asubuhi Mheshimiwa alitoka hemani nywele zimesimama, kiraka cha goti kimebanduka, akaelekea moja kwa moja getini.

"Mama, ahsante sana. Nimeumia vya kutosha. Fungua."

"Umeamkaje, Mheshimiwa? Unakwenda wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

Mheshimiwa akaangua kile kicheko chake. Mama Kambi hakucheka. Alifungua daftari lake la usajili, akapitisha kidole.

"Jana umesema huna makazi. Nimeandika. Ukalia kidogo, hilo nalo nimeliandika."

"Mama, yale yalikuwa ya kamera!"

"Mimi hapa sina sehemu ya kamera. Nina sehemu mbili tu: anayo, hana."

"Basi andika ninayo! Ninazo tatu!"

Mama Kambi akaweka kalamu chini, akamtazama kwa huruma ya kweli. "Mheshimiwa, usiseme hivyo kwa sauti. Mtu aliyejisajili, akala uji wa msaada, kisha ikabainika ana nyumba, huyo ni mwathirika hewa. Ni mahakamani moja kwa moja. Hata ukitoroka ukalala kwako, ndiyo utakuwa umethibitisha. Na wewe mwenyewe ulikuja kuizindua kampeni ya kuwasaka waathirika hewa, pale palipo na ile nguzo. Tulikupigia makofi mpaka viganja vikawaka."

Mheshimiwa akaitazama nguzo. Kweli alikuwa ameizindua kampeni pale. Alikumbuka hata keki.

Wapagazi wa malori walikuwa wameshafika na kuanza kunyanyua kapeti. Mama Kambi akawainulia mkono. "Wekeni chini, wanangu. Kitu kikishaingia kambini ni msaada. Hakitoki ila kwa kugawiwa."

"Lakini ni vitu vyangu!" alifoka Mheshimiwa.

"Vilikuwa. Mwathirika anaruhusiwa blanketi, ndoo na sahani. Ndoo umeshapewa?"

Hakuwa amepewa. Akapewa ya bluu, nzuri tu, imepasuka kidogo mdomoni.

"Sawa," alisema Mheshimiwa, sasa anahema. "Waleteni wale watu. Warudi kwenye mahema yao, mambo yarudi kama zamani."

"Wamelala nje ya kambi, Mheshimiwa. Aliyelala nje harudi." Mama Kambi aligonga waraka uliokuwa mezani. "Na saini iliyowatoa ni yako. Nafasi zao zote zimekufa. Kambi nzima sasa ina mwathirika mmoja."

Mheshimiwa akamgeukia Bwana Utaratibu, aliyekuwa amesimama pembeni na mto wa manyoya kwapani.

"Wewe! Andika barua sasa hivi. Watolewe kwenye zile nyumba kwa nguvu, leo leo, kabla ya adhuhuri. Andika, nitasaini."

Kwa miaka yote ya utumishi wake, mkono wa Bwana Utaratibu ulikuwa ukianza kuandika kabla masikio hayajamaliza kusikia. Safari hii uliingia mfukoni kutafuta kalamu, ukaikuta, ukaishika. Akatazama kilimani. Kule juu mwanamke mmoja alikuwa amesimama mlangoni. Alifunga mlango. Akaufungua. Akaufunga tena. Kwa mbali hivyo mtu hangeweza kumtambua, lakini huyo ndiye aliyemlea, na mtu hukumbuka hata namna mlezi wake anavyoweka mkono kiunoni.

Akaiacha kalamu mfukoni.

"Kwa utaratibu, Mheshimiwa," alisema, "mwathirika haandiki barua za wizara."

"Nini?"

"Mwathirika hupeleka maombi yake kwa Mama Kambi. Mama Kambi huyapeleka wilayani. Wilaya huyaleta kwetu. Yakifika nitayapokea mimi mwenyewe, kwa mikono miwili."

Baada ya kusema hivyo alisikia kitu kimelegea kifuani. Alidhani ni ugonjwa. Alipojipapasa akakuta ni tai.

Mheshimiwa akampigia simu Katibu Mkuu. Katibu Mkuu alisikiliza yote kwa uchungu mkubwa, akasema suala hilo ni zito na linashughulikiwa. Akaongeza kwamba kwa kuwa Mheshimiwa yuko maafani, yeye ameona ni busara akaimu nafasi yake, asije akapata mzigo juu ya mzigo. Wakati huo alikuwa anaongea akiwa ofisini kwa Mheshimiwa, anapima urefu wa dirisha. Mapazia ya zamani yalikwenda kambini, na yeye alipendelea ya kijani.

Juma likakatika. Mizigo iligawiwa kwa haki, nyumba kwa nyumba. Mwalimu mstaafu alipata kile kitanda. Wajane walipata makochi, wakakaa kila mmoja upande wake bila kuzungumza kwa raha waliyoisikia. Mito ilipelekwa kwa mama mmoja mwenye mapacha. Mheshimiwa naye alijifunza mambo mengi ambayo hayakuwamo kwenye mafunzo elekezi: kwamba uji wa saa mbili hufika saa nne, kwamba ndoo iliyopasuka mdomoni hubebwa kwa kuinamishia upande mzima, na kwamba turubai saa nane mchana si kitu cha kuonjwa. Kaimu Waziri alimtembelea mara moja na waandishi, akamkumbatia kwa muda mrefu, akasema serikali iko naye bega kwa bega. Mheshimiwa alitaka kuuliza swali. Akaambiwa maswali yapitie kwa mwenyekiti wa waathirika. Alipouliza mwenyekiti ni nani, ikabidi ufanyike uchaguzi, naye akashinda bila kupingwa, lakini wakati huo Kaimu alikuwa ameshaondoka.

Ni Mama Kambi aliyemtafutia njia, maana alikuwa na moyo mzuri na aliusoma kila waraka mpaka mwisho. Mwathirika anaweza kutolewa kambini akipata mwenyeji: mtu mwenye makazi yaliyoidhinishwa na wizara, atakayekubali kumchukua. Nyumba zilizoidhinishwa na wizara, nchi nzima, zilikuwa zile za kilimani.

"Mchana unaruhusiwa kutoka, mradi jua likizama uwe umerudi," alimwambia. "Panda, kapige hodi. Anza na ile ya kwanza. Yuko fundi mmoja pale, mtu wa watu."

Saa hiyo Bwana Utaratibu alikuwa amekaa ndani ya nyumba hiyo ya kwanza, anakunywa chai. Siku hizi alipita kila akitoka kazini. Ofisini alikwisha kuwaambia, mbele ya Kaimu na kamati nzima, kwamba ana shangazi, kwamba shangazi huyo alikuwa kambini tangu mwanzo, na kwamba ndiye aliyemlea. Kikao kilipokwisha, mtu wa ugavi alimshika bega akamnong'oneza kwamba yeye alikuwa na kaka yake hema la mwisho.

Shangazi alikuwa anatandika kitambaa kipya juu ya jokofu. Kutoka dirishani alimwona mtu mnene mwenye pajama za viraka akipanda kilima polepole, akisimama kila baada ya nyumba mbili kuvuta pumzi. Akarudi kitini, akanyoosha khanga yake.

Hodi ikapigwa.

"Nani?" aliita shangazi.

"Ni mimi."

"Mimi nani?"

Nje mtu alikohoa. "Ni... mwathirika. Kutoka kule chini. Nilikuwa naomba mwenyeji, mama."

Shangazi akasimama, akaenda mlangoni. Ufunguo ulikuwa kwenye tundu lake. Aliugusa kwa kidole, kama mtu anayegusa shavu la mtoto aliyelala.

"Subiri kidogo, baba!" alisema kwa adabu zote.

Kisha akarudi akakaa, akavuta birika.

Bwana Utaratibu akainama mezani. "Shangazi," alinong'ona, "asubiri nini?"

"Sijui," alisema shangazi, akimwongezea chai. "Hata sisi hawakutuambia."